Kama Mko Chumba Kimoja

Kikwe, Jumamosi, 12 Julai 2025.
Asubuhi baridi kali, ukungu hadi kwenye migomba. Mlima haukuonekana mpaka saa tano. Manyunyu kidogo, kisha pakakauka.

Mwanangu Ndeshi,

Ya blanketi, ya chakula cha njiani na ya kutomwachia mtu begi lako stendi, baba yako ameshayasema na kuyarudia, kwa hiyo mimi nayaacha. Ukisikia baridi huko Dodoma utavaa sweta bila kuandikiwa. Nakuandikia kwa sababu leo mchana uliniuliza swali, nami nikakujibu nusu.

Nilikuwa namenya ndizi pale nje ya jiko. Ukaja na karatasi zako, ukasimama mbele yangu ukasema, "Mama, wewe ndiye mteja wangu wa Jumatatu. Kaa vizuri, usicheke." Nikakaa vizuri. Ukaeleza simu za mtandao mnazouza, wewe na wenzako wawili, kama mtu aliyezaliwa nazo: zahanati nne za mmiliki mmoja, zote zinapitia kwenye intaneti, muuguzi aliye mbali anabonyeza tarakimu mbili tu na daktari wa mjini anapokea, kupigiana wao kwa wao ni bure. Nilikuwa nakutazama nikisema moyoni, huyu nimemzaa mimi? Kisha ukafika mwisho, ukanyanyua mkono kama mtangazaji wa redio: "Sauti safi, kama mko chumba kimoja!"

Ukacheka mwenyewe. "Si unayakumbuka, mama? Nimekuibia maneno yako ya banda la kuku."

Kisha ukaniuliza, "Watakubali?"

Nikasema, "Watakubali." Nikaendelea kumenya ndizi.

Halikuwa jibu la uongo. Watakubali kweli, na ndicho kinachonitia hofu.

Ule ubao wa banda la kuku umeukuta hapo tangu unapata akili. Ulijifunzia kusoma, ukifuata herufi kwa kidole huku kuku wakikudonoa miguu. Hukuwahi kuuliza ulitoka wapi zaidi ya kujua kwamba zamani nilikuwa na duka Makumira. Nami sikukueleza, kwa sababu nusu ya habari hii si yangu, ni ya mama yako mdogo Upendo. Leo jioni, alipokuja kukuaga, nilimsindikiza hadi barabarani nikamwomba ruhusa. Akasimama, akafunga kanga yake upya, akaniambia, "Mwambie yote. Ila Samweli usimfanye malaika. Na yeye angeweza kupanda ndege."

Basi nimeruhusiwa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza kupiga chapa, na baadaye nikafungua duka la kutoa nakala karibu na njia ya kwenda chuoni. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Intaneti ilipofika upande ule, niliweka kompyuta tatu, na moja nikaizungushia kibanda cha mbao ambacho ndani tulikigongomea magodoro chakavu ili sauti isitoke. Humo watu walipiga simu za nje kwa kupitia intaneti. Kupiga nje kwa simu ya kawaida ilikuwa ni jambo la msiba au la ofisi. Kwangu mama wa kawaida kutoka Kikwe au Poli aliweza kukaa na mtoto wake aliye Ulaya, wakaongea mpaka wakakosa la kusema. Wageni waliokuja chuoni walipiga kwao. Wanafunzi walijazana. Niliona nimepata kazi ya maisha.

Unajua tabia yangu ya kuandika. Kila siku niliandika kwenye shajara hali ya hewa na hali ya njia ya intaneti: leo mvua, sauti inakatika, leo Jumapili asubuhi, sauti nzuri. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa naifahamu njia ile kama ninavyomfahamu ng'ombe ninayemkamua mwenyewe. Nilijua asubuhi ni nzuri. Nilijua mchana, wanafunzi wakitoka darasani na kuingia mtandaoni wote kwa pamoja, sauti inafika safi lakini inachelewa. Watu hawakulielewa hilo, na wengi hawalielewi hata leo. Wakisikia maneno bila mikwaruzo wanasema simu ni nzuri. Lakini maneno yanaweza kuwa safi kama maji ya mfereji wa mlimani na bado yakafika wakati mwenzako ameshakata tamaa ya kujibiwa.

Kisha kijana mmoja akafungua duka kama langu ng'ambo ya barabara, akaweka tangazo kubwa la rangi nyekundu. Nikaona wivu. Nikamwita mchoraji wa mabango.

"Niandike nini, dada?"

"Andika simu za nje, za intaneti."

"Hilo hata yule ameandika. Sema kitu kinachomvuta mtu. Sauti ikoje?"

"Inategemea na saa," nikamwambia.

Akanitazama kama vile nimemwomba achore ugonjwa. "Dada, hakuna ubao unaoandikwa inategemea. Niachie mimi." Akaandika. Nilipousoma nilifurahi, mwanangu. Nilivuka barabara ili niusome kwa mbali.

Mama yako mdogo wakati huo alikuwa na mchumba, huyo Samweli, kijana wa Nkoaranga aliyekuwa Ujerumani akisomea uuguzi. Mambo ya mahari wazee walikuwa wameyamaliza kwa taratibu zao. Lilibaki moja. Babu yako alisema hawezi kumtoa mtoto wake aende ng'ambo kwa maneno ya wajomba. Anataka kumsikia kijana mwenyewe. Mimi ndiye niliyesema, kwa majivuno, "Baba, hilo ni dogo. Njooni dukani kwangu."

Tulipanga asubuhi. Ikanyesha mvua ile ya kuziba barabara, na wazee wakafika mchana, viatu vimejaa tope: babu yako, mjomba wake Samweli aliyeitwa mzee Eliasi, na wengine wawili wa kushuhudia. Upendo hakutakiwa kuwepo, lakini alijificha kwenye chumba cha nyuma nilichowekea karatasi. Niliitazama saa. Nilijua kabisa kwamba huo ni wakati mbaya kuliko yote. Ningeweza kuwaambia, wazee wangu, kunyweni chai, tusubiri jioni. Sikuthubutu kuwaambia wazee waliokuja kwa miguu kwenye mvua kwamba wasubiri, na tena wasubiri chini ya ubao unaosema vile. Nikafungua sauti kubwa ili wote wasikie. Picha sikuwasha, ingemaliza njia yote.

Babu yako akasogea kwenye kipaza sauti. "Samweli."

Kimya. Mzee alikuwa anasubiri salamu yake.

"Samweli, upo?"

Hapo hapo, juu ya maneno yake, ikaingia "Shikamoo baba!", safi, utadhani mtu yuko nyuma ya mlango. Babu akaitikia marahaba, akaanza kuzungumza. Lakini ile marahaba nayo ilikuwa inatembea polepole, kwa hiyo Samweli akadhani hajasikika, akarudia salamu katikati ya sentensi ya mzee. Mzee Eliasi akaguna. Unawajua wazee wa kwetu. Ukimkatiza anapozungumza, ni afadhali ungemkanyaga mguu.

Babu akavumilia. Akasema, "Mimi sina maneno mengi. Nakuuliza moja tu. Ukimchukua binti yangu, utamrudisha nyumbani tumwone, au ndiyo nimemzika?"

Kimya tena. Nje maji yalikuwa yanadondoka kwenye mabati. Kwenye kompyuta ya pembeni mwanafunzi mmoja alicheka kitu chake. Ule ukimya ulikuwa mfupi. Mtu angeinua kikombe, akanywa, akakirudisha. Lakini mzee akimuuliza kijana swali kama lile, kijana hatakiwi hata kumeza mate. Kunyamaza ni jibu.

Babu yako akasema, "Sawa. Nimesikia." Akachukua kofia yake. "Eliasi, twendeni."

Na juu ya "twendeni" sauti ikafika: "Nitamrudisha baba, tena kila nikipata li..."

"Umemsikia?" babu akamwambia mzee Eliasi. "Nikiuliza ananyamaza. Nikisema ananikatiza."

Nikasimama. "Baba, si yeye. Ni mtandao. Sauti inachelewa njiani."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alinyoosha fimbo kuelekea mlangoni. "Ule ubao ni wa nani?"

"Ni wangu, baba."

"Umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Basi," akasema. "Angekuwa chumba kimoja na mimi, angenifanyia hivi?"

Nimelirudia hilo swali nikiwa nakamua, nikiwa kanisani, nikiwa nakunyonyesha wewe. Si kwamba niliuza kitu kibaya. Kile kibanda kiliwakutanisha watu wengi. Kosa langu ni kwamba niliposema njia haina kasoro, nilimnyang'anya Samweli udhuru wake. Kama njia ni safi, basi mwenye kasoro ni mtu. Anayechelewa kujibu ni mwenye dharau. Anayekatiza hana malezi. Nilikuwa nimewaandikia hivyo kwa rangi ya bluu, tena kwa herufi kubwa.

Samweli alipiga tena kesho yake. Babu hakuwa mkatili. Alisema tu kwamba alishauliza na alishajibiwa. Samweli naye aliona amedhalilishwa, mzee ameinuka akamwacha akiongea na ukuta. Aliandika barua mbili, halafu akaacha. Hakupanda ndege, kama mama yako mdogo anavyosema. Huenda uchumba ule ungevunjika kwa jambo jingine. Sisemi kwamba ni mimi niliyeuvunja. Nasema kwamba njia nilikuwa naifahamu mimi peke yangu katika chumba kile, na mimi ndiye niliyeisemea uongo. Sasa unajua kwa nini mama yako mdogo ukimpigia kwa intaneti anakata, kisha anakupigia yeye kwa simu ya kawaida. Wewe na wadogo zako huwa mnasema ni ushamba. Msiseme tena.

Ubao niliushusha wiki ile ile. Mahali pake nikabandika karatasi: "Sauti huchelewa. Mwache mwenzako amalize, hesabu moja mbili, ndipo ujibu." Yule kijana wa ng'ambo alinicheka: "Mama, hiyo ni biashara au darasa la kipaimara?" Wateja wachache wakahamia kwake. Wengi wakabaki. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kikwe, mwanawe alikuwa Kanada, akajizoesha kila akimaliza maneno kusema "Nimekaa," kama wanavyofanya kwenye mkutano wa kijiji mtu akimaliza kuchangia. Mwanawe naye akajibu na kusema, "Na mimi nimekaa, mama." Waliongea hivyo miaka, hawakugombana hata mara moja. Kibanda kizima kikaanza kusema "nimekaa."

Ningependa kukuambia kwamba ukweli uliniokoa. Haukuniokoa. Zikaja simu za mkononi zenye intaneti, na yule bibi mwenyewe akanunuliwa yake. Alikuja kuniaga, kweli alikuja, akanishika mkono. Kibanda nikakivunja, magodoro nikachoma, ubao nikauleta kwa kuku. Nikarudi kwenye nakala na madaftari, ambayo ndiyo yamekusomesha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama biashara yenu ina maisha, unamuuliza mtu aliyeizika ya kwanza. Nadhani inayo. Lakini mimi nilikosea nilipodhani nauza unafuu. Unafuu haukuwa wangu, ulikuwa wa intaneti, na siku kila mtu alipoishika mkononi aliuchukua akaondoka nao. Hata ninyi, hilo la kupigiana bure litazeeka haraka. Watu wataliona kama haki yao. Nikikumbuka vizuri, kitu pekee nilichokuwa nacho na wenzangu hawana ni kule kujua: saa gani njia ni nzuri, mvua inaifanya nini, nani wa kumwita ikilala. Nilikuwa nacho kwenye shajara, nikauza kitu kingine.

Na hiyo yenu ina jambo ambalo mchana hukulitaja. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme wake humo humo kwenye waya. Giza likiingia iliendelea kulia. Za kwenu, umeme ukikatika, zinazimika pamoja na taa, labda muwape betri na njia ya pili ya intaneti, na gharama hiyo muiseme tangu mwanzo. Zahanati humhitaji daktari zaidi taa zikizimika.

Halafu nafikiria huyo muuguzi. Naona ni msichana wa umri wako, yuko kituo chake cha kwanza cha kazi. Ana mgonjwa mbele yake. Amempigia daktari mkubwa wa mjini, anamwogopa. Daktari anauliza, umempa dawa kiasi gani? Msichana anajibu pale pale, lakini jibu liko njiani. Daktari anaona huyu hajui. Anauliza tena kwa ukali, na jibu linaingia juu ya maneno yake. Anamwona hana adabu. Safari nyingine msichana, hata kama ni lazima, hatapiga. Yote hayo kwa sababu mtu amewaambia wako chumba kimoja.

Niliacha kuandika kidogo. Umenipigia sasa hivi kutoka chumbani kwako, kujaribu ile programu uliyoniwekea kwenye simu.

"Mama, shikamoo! Sauti ikoje?"

"Marahaba. Nimekusikia mara mbili."

"Mara mbili kivipi?"

"Ukutani, halafu kwenye simu."

Kisha ukacheka, na kicheko nacho kimenifikia mara mbili. "Hiyo ya simu imechelewa sana?"

"Kama mtu anayevuta pumzi."

"Mh! Na hapo ni ukuta tu. Haya, lala mama, unaandika nini mpaka saa hizi?"

"Shajara," nimekuambia. Utanisamehe.

Lakini umenipa kitu nilichokuwa nakitafuta tangu mchana, maana sikutaka kukuandikia makatazo bila kukuonyesha njia. Ninakuomba jambo moja tu la Jumatatu. Kabla hujafungua karatasi zako, mweke daktari wao chumba kimoja na matroni, mkuu wa wauguzi wao, chumba cha pili, mlango wazi kati yao, waongee kwa simu zenu. Watasikia sauti ya kwanza mlangoni na ya pili mkononi. Watakuuliza, mbona inachelewa? Hapo ndipo uwaeleze yote unayoyajua, pamoja na saa mbaya na betri, na uwafundishe kusubiriana. Wenzako wawili wanaweza kukukasirikia. Mteja anaweza kuondoka. Ni mteja wenu wa kwanza na najua mmemsubiri muda mrefu; sitajifanya kwamba ni kitu kidogo. Mimi sitakuwepo, uamuzi ni wako, na ukiamua vingine hutapoteza mama. Ila yale maneno ya ubao nakuomba uniachie mimi na kuku.

Kesho jioni utafika, utanipigia. Hapatakuwa na sauti ya ukutani, nitaisikia ile ya pili tu. Nimeshajiandaa kuisubiri. Nawe ukiniuliza kitu ukaona nimenyamaza, usidhani nimekasirika, na usidhani nalia. Hesabu moja, mbili. Jibu langu liko njiani.

Nimekaa.

Mama yako

Alfajiri, saa kumi na nusu. Nimeifungua tena bahasha. Mawingu yamepungua, mlima unaonekana wote. Nililala saa nane kasoro robo, ulipoacha kukohoa upande wa pili wa ukuta.